Kidato cha sita wanaandika Kiingereza cha makosa machache, lakini insha hazipandi. Mnaanzia wapi?

Mwl_Masasi

Habari za kazi, walimu. Nina darasa la kidato cha sita, tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), wanafunzi 54. Hawa si wa kufundishwa nyakati upya: wanasoma, wanaelewa, wakiongea wanaeleweka. Ila insha zimekwama pale pale tangu kidato cha tano. Nikisahihisha kila kosa kwa kalamu nyekundu, wanaangalia alama, daftari linafungwa, na wiki inayofuata makosa ni yale yale. Nikiandika "insha haina mtiririko", hakuna anayejua afanye nini na maneno hayo.

Hii ni aya ya kawaida kabisa, nimeiunga kutoka kwenye kazi za wengi ili isiwe ya mtu mmoja. Swali lilihusu kama mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mazao kukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, unamsaidia mkulima wa korosho (AMCOS ni chama cha ushirika cha wakulima):

"Warehouse receipt system is very important to the farmers. Nowadays farmers are selling their cashewnuts through AMCOS. Moreover, price is determined by auction. Furthermore, there are many challenges. Although the system helps farmers but payments can delay. Therefore, government should make sure that it solves these challenges so as to bring development."

Mngeanzia wapi hapa, sarufi au mpangilio? Na rundo la insha 54 mnalisahihishaje bila kukesha? Nina vipindi viwili vya dakika 80 kwa wiki ninavyoweza kuvitoa kwa kuandika.

---

Kalamu_Mikindani

Mwalimu, anza na mpangilio, sarufi ifuate. Sababu ni ya kikazi tu: ukinyoosha sarufi ya sentensi ambayo baadaye itafutwa, umepoteza wino na muda.

Tazama kila sentensi inaanza na nini: mfumo, wakulima, bei, changamoto, mfumo tena, serikali. Sentensi sita, na karibu kila moja inaanza na jambo lisilotoka kwenye sentensi iliyotangulia. Katika Kiingereza cha insha, mwanzo wa sentensi humrudisha msomaji kwenye alichokwisha kusoma, na mwisho wake ndio humpa kipya. Hapa mwandishi ameruka, kisha akajaribu kuziba pengo kwa "Moreover" na "Furthermore". Viunganishi hivyo vinasema "naongeza" tu. Havisemi mnada unahusianaje na AMCOS, wala changamoto ni zipi. "Therefore" ya mwisho ndiyo mbaya zaidi, inatangaza hitimisho ambalo halijajengwa.

Zoezi lake ni hili. Mwanafunzi apige mstari chini ya maneno manne au matano ya mwanzo ya kila sentensi. Kisha achore mshale kutoka hapo kwenda kwenye neno au wazo la sentensi iliyopita linalohusiana nayo. Pasipo na mshale, aandike alama ya kuuliza pembeni. Aya ya mwalimu itakuwa na alama za kuuliza nyingi kuliko mishale, na mwanafunzi ataliona hilo kwa macho yake bila kuambiwa "mtiririko".

Halafu waandike upya, kwa sharti moja: kila sentensi kuanzia ya pili ishike kitu cha ile iliyopita, na hakuna ruhusa ya "moreover", "furthermore" wala "nowadays". Inaweza kutoka hivi:

"Under the warehouse receipt system, farmers no longer sell their cashew nuts to whichever buyer reaches the village first. They deliver the crop to their AMCOS, which sends it to a warehouse to be auctioned in large lots. Because buyers bid against one another for these lots, the price is harder to push down than when each farmer bargains alone. The weakness of the system is the wait: the farmer hands over the crop before any money arrives, and a household with school fees to pay may feel that delay more than it feels the better price."

Waulize vishikizo viko wapi: "They", "these lots", "the system", "that delay". Mbinu ya "this", "these" au "that" pamoja na nomino inayobeba kilichosemwa ndiyo yenye faida kubwa kwa watu wa ngazi hii. Wape nomino kumi za kazi: "delay", "arrangement", "shortage", "rise", "fall", "shift", "claim", "assumption", "risk", "gap". Ukikuta mwanafunzi ameandika "This" peke yake mwanzoni mwa sentensi, muulize "this nini?" Akishindwa kujibu, basi hata yeye hajui sentensi iliyopita ilisema nini.

Kipimo kingine, hiki cha uzito wa hoja. Futa "cashewnuts" kwenye aya ya kwanza uweke "fish". Ukiondoa AMCOS, aya yote inasimama kama ilivyo. Maana yake haikuwa inaongelea korosho. "Bring development" inaweza kubandikwa kwenye insha yoyote nchini. Wanafunzi wa Mtwara na Lindi hawana kisingizio hapa: wanajua vyama vikuu vya ushirika MAMCU na TANECU ni nini, wanajua mfumo uliingia kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/2008, wanajua mkulima anangoja nini baada ya mnada. Vitu hivyo ndivyo vijae kwenye sentensi.

---

Newala_Juu

Nakubali sehemu kubwa, ila kukataza viunganishi ni hatari, mkuu. Darasani tumewaambia miaka yote kwamba insha nzuri ina viunganishi, na kwenye mtihani wanajua vinatazamwa. Ukivifuta ghafla, wenye uwezo wa kati watabaki na sentensi zilizotupwa tu.

---

Kalamu_Mikindani

Hoja yako ina maana. Sharti lile ni la zoezi, si la maisha. Viunganishi vinavyobeba uhusiano halisi vibaki: "because", "although", "whereas", "unless", "as a result" pale matokeo yanapoonekana kweli. Ninavyovikamata ni vile vya kujumlisha tu. Kipimo chake: kifute kiunganishi, soma tena. Kama maana haijabadilika, hakikuwa na kazi. Kama imepotea, kirudishe. Na waangalie sana "on the other hand". Wengi wanaitumia kuongeza hoja ya upande ule ule, na msomaji anayengoja upande wa pili anaachwa njia panda.

---

MamaMwalimu_Lindi

Mimi nijibu la kusahihisha, maana ndilo linaloua walimu.

Piga hesabu kwanza. Insha 54 kwa dakika 12 kila moja ni dakika 648, karibu saa 11. Hakuna mwalimu mwenye vidato vitatu atakayefanya hivyo kila wiki kwa umakini. Akifika insha ya 30 anapiga tiki tu. Gawa darasa makundi matatu ya wanafunzi 18. Wote wanaandika kila wiki, lakini kundi moja tu ndilo unalikusanya na kulisoma kwa kina. Dakika 8 kwa insha ni dakika 144. Hizo zinapatikana.

Kazi ipite mara mbili. Rasimu ya kwanza usiguse sarufi kabisa. Andika maswali mawili mwishoni, na yawe maswali kweli: "Aya ya tatu inamjibu nani?" au "Umesema malipo huchelewa. Yanachelewa kati ya hatua ipi na ipi?" Usiandike "improve your arguments". Hiyo ni amri isiyotekelezeka.

Rasimu ya pili ndiyo ya sarufi, lakini usirekebishe wewe. Chagua mistari minane hadi kumi tu, na pembeni mwa kila mstari weka nukta kwa idadi ya makosa yaliyomo. Nukta mbili, makosa mawili, ayatafute mwenyewe. Mpe dakika 10 darasani. Atakachokirekebisha peke yake kilikuwa kuteleza, hakihitaji somo. Kitakachobaki ndicho asichokijua, na hicho ndicho unachokifundisha. Ukizungushia kila kosa na kuandika jibu juu yake, huwezi kujua kipi ni kipi, naye hana sababu ya kufikiri.

Alama usiziandike mpaka rasimu ya pili irudi. Alama ikishaonekana, hakuna anayesoma maoni.

Kwa wapenda nadharia: suala hili lina ugomvi wa muda mrefu. John Truscott aliandika mwaka 1996 kwamba kusahihisha sarufi kwenye insha za wanaojifunza lugha ya pili kuachwe kabisa, na Dana Ferris akamjibu mwaka 1999 akitetea usahihishaji uliopangwa vizuri. Mimi niko upande wa Ferris, ila Truscott aliona jambo la kweli: wino mwekundu mwingi si lazima uzae uandishi bora.

Kuhusu kuhakiki mpangilio, kuna njia rahisi ambayo haikugharimu muda. Mwanafunzi akimaliza rasimu, aandike pembeni mwa kila aya inasema nini kwa maneno yasiyozidi saba, na aandike kwa Kiswahili. Ndiyo, kwa Kiswahili. Hapo unapima mawazo, na Kiingereza kinawapa pa kujificha. Asome maneno hayo ya pembeni peke yake kutoka juu hadi chini. Aya mbili zikisema jambo moja, ziunganishwe. Aya ikihitaji maneno 15 kuelezwa, ina mambo mawili ndani yake, ikatwe.

---

Nachingwea_Sarufi

Walimu wangu, mnaiweka sarufi nyuma mno. Mwanafunzi wa ngazi hii ana makosa machache, lakini ni yale yaliyokomaa, na hayatoki kwa kusubiri. Mengi yanatokana na kufuata mkondo wa Kiswahili. Kwenye ile aya ya Masasi:

"Although... but" ni "ingawa... lakini" moja kwa moja. Kiingereza kinabeba kimoja tu. Ndugu yake ni "because... so". Dawa: "although" ikianza, baada ya koma lije jina au kiwakilishi, kisha kitenzi.

"Payments can delay" haiendi. Kitu kinachochelewa chenyewe kwa Kiswahili, Kiingereza kinataka kicheleweshwe: "payments can be delayed", au "payments can be late".

"Solves challenges" inaeleweka, lakini "challenge" huandamana na "meet", "face", "overcome". "Solve" huenda na "problem". Kosa hili halionekani kwa anayejua maana ya kila neno peke yake.

Na ile ya tatizo la muda wote, "a" na "the". "Warehouse receipt system" mwanzoni haina kitu, "price" haina kitu, "government" haina kitu, halafu "the farmers" imepewa isiyostahili, kwa sababu anazungumzia wakulima kwa ujumla. Kanuni za kitabu zinafika ishirini na hakuna anayezikumbuka akiwa katikati ya sentensi. Mimi nashauri maswali matatu, kwa mpangilio huu: Je, nomino hii hapa inahesabika? Ikihesabika, ni moja au nyingi? Msomaji anajua ni ipi? Nomino ya umoja inayohesabika haikai uchi kamwe: lazima ivae "a", "the", "this", "their" au kitu cha aina hiyo. Sheria hiyo moja tu inaondoa sehemu kubwa ya makosa yao, na inakaguliwa kwa kidole, neno kwa neno.

Zoezi: chukua aya ya maneno 120 hivi iliyoandikwa vizuri, ondoa "a", "an" na "the" zote, na usiache nafasi wazi, kwa sababu nafasi inamwambia mtu pa kujaza. Wawili wawili wazirudishe, kisha walinganishe na asilia. Sehemu zitakazoleta ubishi ndizo za kujadili, maana baadhi zitakubali zote mbili na maana itabadilika.

Wengine wa kuwachunga: "the book which I bought it", hiyo "it" ni -ki- ya "nilichokinunua", "he" na "she" kubadilishana katikati ya aya, kwa kuwa "yeye" haina jinsia, "discuss about", "emphasize on", "can be able to", "informations", "advices", "equipments". Kila mwanafunzi awe na ukurasa wa mwisho wa daftari wenye makosa yake matatu tu. Siyo kumi. Kabla ya kukusanya kazi, anasoma mara tatu, kila mara akitafuta kosa moja. Mtu anayetafuta makosa yote kwa pamoja hupata tahajia tu.

Kwenye "cashewnuts" usimkate mtu alama kirahisi. Kamusi nyingi zinaandika "cashew nut" maneno mawili, lakini bodi yetu ya korosho kwa Kiingereza inaandika "Cashewnut Board of Tanzania". Jina libaki lilivyo, kwingineko achague mtindo mmoja na asiuache.

---

Kijana_Msimbati

Samahani kudandia uzi. Mimi si mwanafunzi wa sekondari, najiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Haya yote yananihusu au kule wanaangalia msamiati mgumu?

---

MamaMwalimu_Lindi

Yanakuhusu, mwanangu. Insha ya pili ya IELTS ni maneno yasiyopungua 250, na unashauriwa kuipa dakika 40 kati ya 60. Inabeba uzito mara mbili ya ile ya kwanza ya maneno 150, kwa hiyo usimalize muda kwenye ile ya kwanza. Vigezo ni vinne vyenye uzito sawa: kujibu swali, mpangilio na mshikamano, msamiati, na sarufi. Nusu ya alama iko nje ya msamiati na sarufi. Tumia dakika tano hadi saba kupanga, acha tatu za mwisho kukagua makosa yako matatu. Na maneno mazito ya kukariri yaache. "Plethora" iliyokaa vibaya inakushusha kuliko "many" iliyokaa vizuri.

---

Mwl_Masasi

Nashukuru sana, walimu. Mawili yamebaki. Suala la maneno yanayoandamana: kamusi tulizonazo nyingi ni za Kiingereza na Kiswahili, na wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi simu. Wanayapataje? La pili, kuna vijana wa kutwa wanaoleta insha zilizonyooka mno, ni wazi zimepita kwenye programu ya akili bandia.

---

Nachingwea_Sarufi

Kamusi ya lugha mbili inatosha kuelewa unachosoma. Kuandika kunahitaji kamusi ya wanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza, zile za Oxford, Longman au Cambridge, kwa sababu ya sentensi za mifano. Nakala mbili au tatu za zamani maktabani zinatosha. Wafundishe kuruka maana na kwenda kwenye mfano.

Simu awe nayo mwalimu. Fungua SkELL kwenye intaneti, tovuti ya kutafuta sentensi za mifano za Kiingereza, ni bure na haihitaji kujisajili. Andika "delay", itakuletea sentensi za mfano, na ukibonyeza sehemu ya maneno yanayoandamana utaona vitenzi na sifa zinazokaa nalo. Nakili sentensi nane kwenye bango kitita kwa kalamu nene, zipange ili neno "delay" likae katikati ya kila mstari. Waulize nini kiko kushoto kwake, nini kiko kulia. Dakika 15 zinatosha kwa neno moja, na maneno mawili kwa wiki si haba. COCA ni hazina nyingine ya matini mtandaoni, kubwa zaidi, ina maneno zaidi ya bilioni moja ya Kiingereza cha Marekani, ila inataka kujisajili na kwenye simu inasumbua.

Kuna pia orodha ya msamiati wa kitaaluma aliyoitoa Averil Coxhead mwaka 2000, familia 570 za maneno. Nzuri kwa kuchagua neno la wiki. Kuibandika ukutani na kuwaambia wakariri ni kuzalisha "solves challenges" nyingine.

---

Kalamu_Mikindani

La akili bandia: usigombane nao kwa hisia, huwezi kuthibitisha. Badilisha unachokipa alama. Rasimu ya kwanza iandikwe darasani kwa mkono, ndani ya kipindi cha dakika 80, na wewe ubaki nayo. Ya pili ikija imepanda ghafla, mwite kwa dakika tatu, chagua sentensi mbili, muulize kwa nini alibadilisha. Aliyebadilisha mwenyewe anajibu. Kama wanaitumia nyumbani, waiombe iwaoneshe sentensi ambazo hazishikani na zilizotangulia, bila kuziandika upya.

Kwa kipindi chako cha kwanza, Mwalimu, fanya hivi bila kuchapisha chochote. Kila mwanafunzi anakili aya moja yake kwenye karatasi, sentensi moja kila mstari, na kuacha mstari mmoja wazi katikati. Anazichana vipande, anavichanganya, anampa jirani. Jirani ana dakika tano kuvipanga. Akipanga tofauti na mwandishi, wakae wajadili ni neno gani lilipaswa kumwongoza. Kipande kinachokaa popote bila kuharibu kitu, wakiweke pembeni na waijaribu aya bila hicho. Sentensi zisipungue tano kwa aya, zikiwa tatu zinapangika kwa kubahatisha. Na kila mtu aandike jina lake nyuma ya kila kipande, la sivyo dakika ya kumi utakuwa na vipande zaidi ya mia mbili sakafuni visivyo na mwenyewe.